Mitego ya kidimbwini

Usiutafute mmea huu wa mitego kwenye mto Luama wala Lualaba yenyewe. Maji yanayokimbia huubeba. Mvua zikipungua, nenda kwenye vidimbwi vilivyotulia mabondeni, au bwawa la samaki lililoachwa. Wanapoloweka mihogo pita tu. Angalia ua dogo la njano lililosimama juu ya maji, linalokaribia kufanana na ua la karanga. Chini yake kuna nyuzi za kijani zilizosokotana, zisizo na mizizi. Wengi huziona kama takataka za maji, kumbe ni mmea unaokula wadudu. Wataalamu huuita utrikularia.

Usiingie majini. Kichocho tunakijua mkoani kwetu Maniema, na kinapatikana katika maji kama hayo. Vuta nyuzi kwa tawi refu lenye panda, kinga beseni. Sasa inamisha sikio: utasikia mlio mdogo, tik, tik, tik. Ni mitego inayofyatuka na kunyonya hewa badala ya maji. Mimi niliurudisha mmea majini nikautoa tena, ili nisikie tu.

Kata chupa angavu ya plastiki, tia maji ya kidimbwi hichohicho, uitazame dhidi ya jua la asubuhi. Tone moja la maji kwenye kioo cha kamera ya simu litakukuzia picha. Kwenye nyuzi utaona vifuko vidogo kama mbegu za mchicha. Vichanga hupitisha mwanga, vikongwe ni vyeusi. Mmea husukuma maji nje ya kifuko mpaka kuta zibonyee. Mdomoni pana mlango wenye nywele. Mdudu akizigusa, mlango hufunguka naye huvutwa ndani kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita. Mwaka 1970 jarida la Shirika la Afya Duniani (OMS) lilichapisha utafiti ulioonyesha mitego hii ikinasa hata vijidudu vya kichocho. Hilo lisikudanganye ukaoga hapo.

Ukitaka kuufuga, chukua kipande cha urefu wa kiganja tu, kinachobaki kitaota. Osha mikono kwa sabuni, lakini sabuni isiguse chombo. Ongeza maji ya mvua, usitie mbolea wala nyama: mmea huu huwinda kwa sababu maji yake ni maskini. Funika kwa kipande cha chandarua, mbu wasizaliane. Wiki ya pili ncha ikiwa imerefuka, mmea umekubali.