Somo la 12: Kigumba na Wano

Chukua ufito mkavu, uurushe mbele kama mkuki. Je, umekwenda sawasawa? Mara nyingi ufito huyumba, hujigeuza, kisha huanguka ubavu. Lakini mshale uliotengenezwa vizuri huruka umenyooka na kutua kwa ncha. Kwa nini? Katika somo hili utalitafuta jibu kwa kupima mwenyewe.

Sehemu za mshale

Mshale una sehemu tatu kubwa. Uti wake huitwa wano. Kichwa chake cha mbele huitwa kigumba. Nyuma yake hufungwa manyoya ya ndege. Sehemu hizi hutegemeana. Kigumba kizuri kikitiwa katika wano lisilokifaa, mshale huharibika.

Wahadzabe, waishio karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanalijua sana jambo hili. Mwindaji wa Kihadzabe huchagua ufito, huumenya, huupasha moto, kisha huunyosha kwa meno. Kigumba cha chuma hukifua kutokana na msumari. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha. Kwa mnyama mkubwa hutumia kigumba cha chuma. Mshale ukiyumba, mnyama aweza kukimbia na jeraha, na watoto wa mwindaji wakalala njaa.

Jaribio

Vifaa: matete matatu makavu, vijiti, karatasi ngumu, udongo wa mfinyanzi, kifuniko cha chupa ya soda, rula na kipande cha mkaa.

1. Kata matete yenye unene sawa, kila moja liwe na urefu wa sm 60. Haya ndiyo mawano yako.
2. Chanja mwisho wa nyuma wa kila wano kama msalaba. Ingiza humo vipande viwili vya karatasi vilivyopishana. Hivi vitakuwa manyoya.
3. Chonga vijiti vitatu vya sm 5, vyenye ncha butu. Kila kijiti kiingie kwa kubana katika tundu la mbele la wano. Acha sm 2 nje.
4. Mshale A usitie udongo. Katika kijiti cha mshale B, bandika udongo wa kujaza kifuniko kimoja. Katika kijiti cha mshale C, bandika udongo wa vifuniko vinne. Ngoja udongo ushike.
5. Laza kila mshale juu ya kidole. Tafuta mahali ambapo hauinami mbele wala nyuma, upatie alama ya mkaa. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Pima umbali wake kutoka mbele.
6. Rusha kila mshale kwa mkono mara tatu, kwa nguvu ile ile. Andika daftarini jinsi ulivyoruka na umbali uliofika.

Ukiwa Morogoro Mjini, chagua asubuhi tulivu, wakati majani ya miti hayatikisiki. Upepo ukishuka kutoka Milima ya Uluguru utaisukuma mishale kando, nawe hutajua kama kosa ni la mshale au la upepo.

Hadhari: Wanafunzi wote wasimame nyuma ya mrushaji. Usimrushie mshale mtu wala mnyama.

Uliona nini?

Kitovu cha uzito cha mshale A kiko karibu na katikati, kwa hiyo mshale huo huyumba upesi. Kitovu cha mshale B kimesogea mbele. Mkia wake ukienda kando, hewa huyasukuma manyoya na kuurudisha mahali pake. Mshale C nao hauyumbi sana, lakini mzigo wake ni mkubwa, hivyo huinama na kuanguka karibu. Basi uzito wa mbele ukipungua mno ni hasara, na ukizidi mno ni hasara pia.

Umekwisha kujifunza habari za nyenzo. Mshale ulio juu ya kidole ni nyenzo, na kidole ni egemeo. Tuseme wano na manyoya yake vina gramu 12, na kitovu cha wano hilo kiko sm 30 kutoka mbele. Ukiongeza gramu 6 kwenye ncha, kitovu kitasogea hadi sm 20 kutoka mbele. Hakikisha kwa hesabu: upande wa ncha ni 6 × 20 = 120; upande wa wano ni 12 × 10 = 120. Pande zote mbili ni sawa.

Kiungo nacho kina uzito

Wapiga upinde wengi wa siku hizi hutumia mawano ya kaboni yenye uwazi ndani. Kipande kidogo cha alumini au shaba hugundishwa ndani ya tundu la mbele, na kigumba hukazwa humo kwa parafujo. Kipande hicho hufanya kazi kama kijiti chako. Kipande cha alumini huweza kuwa na gramu 1 tu. Cha shaba huweza kufika gramu 3 au zaidi. Kwa hiyo anayechagua kigumba hujumlisha uzito wa kigumba na wa kiungo. Pia huangalia ugumu wa wano, maana wano hupinda linaposukumwa na upinde. Mzigo wa mbele ukiwa mzito, wano laini hupinda kupita kiasi.

Mwisho, kiungo lazima kinyooke. Zungusha mshale polepole juu ya vidole. Ncha ikichora duara hewani, kijiti kimekaa upande. Kitoe, ukichonge tena.

Kumbuka: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali. Mishale yetu ni ya kujifunzia tu.

Maswali

1. Taja sehemu tatu za mshale na kazi ya kila moja.
2. Kwa nini mawano matatu ya jaribio yalikuwa na urefu na unene sawa?
3. Kigumba kina gramu 5 na kiungo gramu 1. Kingine kina gramu 3 na kiungo gramu 3. Je, uzito wa mbele unatofautiana?
4. Wano la gramu 12 lina kitovu sm 30 kutoka mbele. Ukitia gramu 24 kwenye ncha, kitovu kitakuwa wapi? Kadiria kwanza, kisha piga hesabu.