Kuchekesha ni Kazi: Niliyojifunza Tulipomwandalia Marehemu Usiku Wake

Ukifikisha umri wangu katika nchi hii huitwi tena jukwaani, unaitwa kwenye kamati. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi na mweka hazina wa kamati za misiba. Safari moja, kwa kuwa ujanani nilipiga ngoma katika kikundi cha sanaa Dar es Salaam, nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya usiku wa kumuenzi mchekeshaji wetu aliyefariki na kuichangia familia yake. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, na mengi nitakayosema ni aibu yetu, si yao.

Marehemu alikuwa zao la enzi za vikundi, enzi za Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre. Ukikata tiketi moja ulipata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, na taarab ya kukufikisha usiku wa manane. Watu walivumilia foleni ya mlangoni kwa ajili ya kichekesho. Sisi wapiga ngoma tulijifanya hatujui hilo.

Nasikia nanyi mnataka kumfanyia mzee wenu usiku kama huo. Mtauweza, na kwa simu zenu hizo mtauza tiketi kuliko sisi. Ila kuna mashimo njiani ambayo mimi nimeshayapima kina kwa miguu yangu.

1. Tarehe inapangwa nyumbani kwa marehemu

Tulitaka kuwahi. Msiba ukiwa bado wa moto mifuko hufunguka, ndivyo nilivyowaambia wajumbe kwa sauti ya mtu mjuzi. Tukachagua Jumamosi moja baada tu ya arobaini, tukalipa kianzio cha ukumbi, tukachapa tiketi zenye picha ya marehemu ndani ya lile koti lake lililomzidi mikono. Chini tukaandika kwamba mjane na watoto watakuwepo. Nilizipeleka mwenyewe nyumbani kwake, nikitegemea kushukuriwa.

Shangazi yake aliishika tiketi mbali na macho, akaisoma yote, akanirudishia. "Baba, mke wa mtu yuko eda. Mnamtoa ndani mkamkalishe kwenye ukumbi wa muziki?"

Mimi ni Mwislamu. Eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, naijua tangu sijaota ndevu. Sikuikumbuka kwa sababu kichwani mwangu mjane alishakuwa sehemu ya tangazo. Tukasogeza tarehe, na zile tiketi nikaja kuzikuta kwa muuza karanga, uso wa marehemu umekunjwa pembe tatu.

Mfadhili mmoja alijitoa, akisema habari imepoa. Nikaona tumekwisha. Kilichonishangaza ni kwamba ile miezi ya kusubiri ndiyo iliyotuokoa. Kwenye arobaini watu wangekuja kuhuzunika, wakikazana kuonekana wamehuzunika. Waliokuja baada ya eda walikuja kumkumbuka mtu aliyewavunja mbavu, na walikuwa tayari kuvunjwa tena. Kaulizeni kwanza kwa wazee wa nyumba ile. Ukumbi utapatikana.

2. Mpe kijana hali, usimpe maneno

Vichekesho vya vikundi havikuandikwa popote. Mlikubaliana nyuma ya pazia: wewe mwenye nyumba, mimi mpangaji, kodi ya miezi mitatu sijalipa, na mkeo ananionea huruma kupita kiasi. Basi. Mengine mnakutana nayo jukwaani. Marehemu alimcheza mpangaji huyo miaka na miaka, na sidhani kama hadhira mbili ziliwahi kusikia maneno yaleyale.

Tulikuwa na mkanda mmoja wa video wa zamani. Tukampa kijana mwenye kipaji kweli, aujifunze. Alijifunza kila kitu: kikohozi, namna ya kupandisha suruali, hadi anavyojikuna shingo akiongopa. Mazoezini tulishika matumbo. Nikatoa amri, na ninaikumbuka vizuri kwa sababu nilisimama kuitoa: kwa heshima ya marehemu, neno lisibadilishwe hata moja.

Usiku wenyewe ukafika. Kijana akaenda vizuri mpaka pale ambapo marehemu, kwenye mkanda, hunyamaza na kuwatazama watu. Akanyamaza. Akatazama. Ukumbi nao ukamtazama. Kimya kile kikawa kirefu mpaka nikasikia jenereta nje.

Baadaye ndipo nilipouangalia ule mkanda upya na kuelewa. Siku ile ya zamani, mstari wa mbele, kulikuwa na bwana mmoja mwenye kicheko cha kuchelewa. Wenzake wakimaliza, yeye ndiyo kwanza anaanza. Marehemu alikuwa anamsubiri yeye. Kijana wetu alisimama jukwaani akimsubiri mtu ambaye hakuwepo.

Aliyetuokoa ni bibi aliyekuwa akicheza mke wa mwenye nyumba enzi hizo, ambaye tulimwalika aje kukaa tu meza ya mbele. Alipanda ngazi polepole, akaketi kwenye kiti cha jukwaani, akamwambia kijana, "Mwanangu, kodi utalipa lini? Mwenzio alikuwa na deni kama lako, kaondoka nalo."

Ukumbi mzima uligeuka kumwangalia mjane. Nami niligeuka, huku naandaa hotuba ya kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu anayejua deni hilo lilikuwa la kweli na mwenye nyumba anamfahamu kwa jina. Kijana akasahau mkanda. "Sasa mama, na mimi nikifa mtanifutia?" Paa lilitaka kung'oka.

Tungemwambia tangu mwanzo: wewe ni mpangaji, huna kodi, kamuone mwenye nyumba. Heshima yangu ya neno kwa neno ilimfunga miguu.

3. Sanaa ya bure ndiyo iliyomfikisha pale

Barua zetu kwa wasanii zilisema kuwa kwa vile jambo hili ni la kheri, hakutakuwa na malipo. Mmoja, aliyekuwa akitamba sana wakati huo, akajibu kwamba angependa kujua nauli na gharama za mavazi. Nilimsema vibaya kikaoni. Nikasema amekuwa mkubwa, amesahau alikotoka.

Mweka hazina wetu, binti mdogo kuliko sote, alikuwa anaorodhesha malipo: ukumbi, jenereta, fundi mitambo, walinzi, mpishi, mchapaji. Akauliza bila kuinua macho, "Mwenyekiti, kwani mpishi naye si alimpenda marehemu?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu usiku ule angelipwa isipokuwa wale ambao tiketi zilinunuliwa kwa sababu yao. Na marehemu mwenyewe alikufa na deni la nyumba baada ya maisha ya kuitwa kwenye shughuli za watu kwa ahadi ya pilau na "utatangazika". Nilikuwepo kwenye baadhi ya shughuli hizo. Mimi nililipwa, maana ngoma ilihesabika kuwa kazi. Yeye alionekana anafurahi tu.

Habari hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2018, Amri Athuman, King Majuto, akiwa mgonjwa, waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya kazi zake, kwa sababu watu waliuliza mtu anayechekesha taifa zima anakosaje akiba ya matibabu. Kenya nako, Benson Wanjau, ambaye kila nyumba yenye televisheni ilimjua kama Mzee Ojwang wa Vitimbi, ilibidi achangiwe atibiwe macho miaka michache kabla hajafariki 2015. Mapenzi ya watu kwao hayakuwa na shaka. Kilichopungua ni karatasi iliyosainiwa vizuri. Video nyingi za kizazi kile ziliuzwa kwa mkupuo: unapewa fedha mkononi, msambazaji anaondoka na kazi, na inapochezwa mpaka leo hakuna senti inayorudi.

Mtu ataniambia kwamba Uingereza wasanii hupanda bure kwenye Royal Variety Performance, onyesho lililoanza 1912. Kweli. Ila fedha zake zinakwenda kwenye mfuko wenye nyumba halisi, Brinsworth House, kule Twickenham, wanakotunzwa wasanii wazee. Anayejitolea pale anaujua mlango atakaougonga uzeeni. Sisi tuliwaomba wenzetu wajitolee kisha warudi nyumbani kwa miguu. Mwishowe tuliwalipa wote kiasi kidogo kinacholingana, pamoja na nauli. Yule niliyemsema vibaya alikuja wa kwanza mazoezini, na bahasha yake akampelekea mjane. Sijamwomba radhi mpaka leo. Nikikutana naye namnunulia kahawa na kuzungumza habari za mpira.

4. Mgeni rasmi apewe maiki mwishoni

Hapa ni pafupi, kama hotuba yake isivyokuwa. Tulimsubiri, akaja, akasema, akasema tena. Kichekesho cha kwanza kilipoanza watu walikuwa wameshakaa mkao wa semina. Vibali fuateni mapema kwa afisa utamaduni, na mgeni rasmi mpeni nafasi baada ya watu kucheka. Atakuwa amecheka naye, ataongea vizuri zaidi.

5. Usitangaze jumla jukwaani

Tuliinadi kofia ya marehemu. Ilikuwa baraghashia iliyochakaa, haina thamani sokoni. Bwana mmoja wa meza ya pili akaipandisha hadi kiasi ambacho mshereheshaji alikirudia mara tatu kwa furaha. Makofi, picha, kofia ikavikwa kichwa chake. Fedha, akasema, Jumatatu. Jumatatu ile haijafika. Kofia anayo, na nimewahi kuiona kwenye harusi.

Hilo ni la kuchekesha. La pili halikuwa hivyo. Usiku ulipoiva nilishika maiki nikatangaza jumla: viingilio, mnada, ahadi za kwenye kadi, vyote pamoja. Watu walisimama. Familia ilisikia, na majirani wa familia walisikia. Baada ya kulipa ukumbi, mafuta ya jenereta, chakula na wasanii, na baada ya ahadi nyingi kubaki ahadi, tulichokabidhi kilikuwa sehemu ndogo sana ya nilichotangaza. Kaka yake marehemu hakunigombeza. Aliihesabu ile fedha mbele yangu, akaniangalia, akaihesabu tena.

Tulikuwa na risiti zote. Hazikusaidia, kwa sababu namba ya jukwaani ilishawahi kufika kila kona ya mtaa. Tangazeni kilicho mkononi tu, mkisema wazi kuwa gharama hazijatoka. Ahadi iandikeni daftarini, na kofia itoke fedha ikiingia.

Kuhusu nani apokee, mtaona watu msiowajua wakijitokeza na ukoo wao. Marehemu alikuwa na watoto wa mama wawili. Tulipoona mnyukano unakaribia tukakubaliana na pande zote mbili kwamba sehemu kubwa ilipwe moja kwa moja kama ada shuleni, na iliyobaki ipitie kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Ilichelewesha mambo. Ila hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada mwaka ule, na hilo ndilo pekee ninalojivunia katika uenyekiti wangu wote.

6. Akisema anaumwa, mwamini

Hili nalisema kwa shida. Miaka ya mwisho marehemu alikuwa akishuka jukwaani anashika kifua, anasema, "Jamani mimi nakufa." Tulicheka. Alikuwa na sura ya kuchekesha hata akisema kweli, na sisi wa nyuma ya pazia, tuliopaswa kujua tofauti, tulicheka kuliko waliolipa kiingilio. Tommy Cooper, mchekeshaji wa Uingereza, alianguka jukwaani London tarehe 15 Aprili 1984, televisheni ikirusha moja kwa moja, na watu wakaendelea kucheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wale walikuwa wageni kwake. Sisi tulikula naye sahani moja.

King Majuto alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla ya kufariki kweli Muhimbili, 8 Agosti 2018. Mchekeshaji akizushiwa kifo watu hutuma picha na maneno matamu. Wachache humpigia simu kuuliza kama amekula.

Tangu usiku ule tumeanzisha kadaftari ka majina ya wachekeshaji wazee wa vikundi walio hai, na kila mjumbe ana watu wake wa kuwatembelea. Wangu mmoja anaishi Mbagala. Nilipomweleza mipango yetu alisikiliza kwa makini, akauliza kama na yeye tutamfanyia usiku wake. Nikasema Mungu amuweke, siku hiyo iwe mbali. "Mbali ya nini?" akasema. "Wangu fanyeni nikiwa hai, mshereheshaji niwe mimi, na kianzio nakitaka leo."

Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni. Akakihesabu, akanidai risiti. Tunatafuta ukumbi.