SOMO LA UTUNZAJI WA MALI: NYUFA NDOGO KATIKA SITAHA YA BOTI YA FAIBA

Mwezi wa Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mjini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa kwa wavuvi kwa njia ya mikopo. Katika mkoa wa Pwani pia boti za faiba hutumika. Mwanachama wa Gwata, aliye mbali na bahari, asidhani kwamba somo hili ni la wavuvi wa Bagamoyo na Mafia peke yao. Mali ya chama ikiharibika, deni lake haliharibiki nayo.

Sitaha ya faiba ina tabaka la juu, gumu na lenye kung'aa, liitwalo jelikoti. Chini yake zipo nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, na mara nyingi kiini cha mbao. Jelikoti haipindiki kwa urahisi, kwa hiyo hupasuka kwanza. Ufa ukiachwa, maji huweza kupenya hadi kwenye mbao, zikaoza bila kuonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kutambua chanzo

Nyufa zenye umbo la nyota kwa kawaida hutokana na pigo, kama vile nanga iliyoangushwa. Nyufa zinazofuatana kwenye pembe au kuzunguka bolti huonyesha kwamba sitaha inanepa. Igongwe polepole kwa sarafu. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio mzito, au sitaha kubonyea chini ya mguu, ni dalili ya uharibifu wa ndani. Hapo aitwe fundi. Aidha, ncha za ufa zitiwe alama ya penseli. Ukipita alama hiyo, chanzo bado kipo: sitaha iimarishwe kwa chini kwanza, la sivyo ufa utarudi.

Kuziba ufa

1. Sitaha ioshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe kabisa, kisha ipanguswe kwa asetoni.
2. Ufa upanuliwe kwa ncha ya patasi uwe kama mfereji mdogo, kutoka ncha hadi ncha. Kupaka juu ya ufa uliofumba ni kuuficha tu.
3. Kingo zikwaruzwe kwa msasa na vumbi liondolewe.
4. Jelikoti ichanganywe na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100. Ichanganywe kidogo kidogo, kivulini, kwa kuwa joto huharakisha kuganda.
5. Mfereji ujazwe hadi uzidi kidogo usawa wa sitaha, kisha ufunikwe kwa karatasi ya plastiki. Jelikoti isiyo na nta ikiachwa wazi hubaki inanata juu.
6. Ikishakuwa ngumu, isuguliwe kwa msasa wa maji namba 220, 400 na 600, kisha ing'arishwe.

Tahadhari

Kigumishi huweza kupofusha macho. Mfanyakazi avae miwani ya kinga na glavu, afanye kazi penye hewa, na pasiwe na moto wala sigara. Resini nyingine huhitaji pia kichapushi; kigumishi na kichapushi visichanganywe kamwe vyenyewe kwa vyenyewe, kwani huweza kulipuka. Kila kimoja huchanganywa na resini kwa wakati wake.

Dawa hii haifai kwa matangi ya maji ya plastiki yatumiwayo vijijini, kwa sababu haishiki juu ya plastiki ya namna hiyo.

Kazi ya katibu

Katibu aandike katika daftari la mali tarehe ya ukaguzi, mahali pa ufa, urefu wake, aliyeuziba na gharama. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha mkutano kama ufa ni ule ule unaorudi.

Maswali ya majadiliano

1. Ni mali gani ya chama chetu ina ufa ambao kila mtu ameuona na hakuna aliyeuandika?
2. Nani amepewa wajibu wa kuikagua, na lini?