Nimebaleghe: Je, Nafaqa Yangu Imekwisha?



Nilipotimiza miaka 18, Baba alinipigia simu kutoka Mbarara. "Mwanangu, sasa wewe ni mtu mzima. Wajibu wangu umekwisha." Mdogo wangu wa kike, wa miaka 16, naye akaingizwa humo humo kwa hoja kwamba amebaleghe. Tulikuwa Nakivale na Mama, aliyekuwa ameachwa miaka mitatu nyuma. Ilikuwa 2023, mgao wa chakula kambini umepunguzwa, na kishamba chetu cha mahindi hakikutosha midomo mitatu.

Nikaingia mwaka wa kwanza chuoni na hasira, nikafungua vitabu vya fiqhi kutafuta hoja ya kumshinda Baba.

Asili ya wajibu huu haina utata. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, Allah anawaamrisha kina baba wawape ujira mama waliotalikiwa wanaowanyonyeshea watoto wao. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba gharama za mtoto ni za baba hata ndoa ikivunjika. Na Hind bint Utba alipomshtakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Wamepokea Bukhari na Muslim.

Shida ni mwisho wake. Imam Nawawi, katika Minhaj, anataja mtoto fukara aliye mdogo, au mgonjwa asiyejiweza, au mwendawazimu. Mtoto mzima mwenye afya, hata kama bado hachumi, kauli aliyoipa nguvu ni kwamba hana haki hiyo kwa baba yake. Lakini mzazi fukara anayo haki kwa mwanawe, hata kama mzazi huyo angeweza kufanya kazi.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Mimi niliyekuwa nikibeba matofali wakati wa likizo nilikuwa nimeshindwa kesi kwa kitabu changu mwenyewe. Wahanbali wangenipa nafaqa maadamu sina kitu na Baba ana ziada, na kwa Wahanafi mwanafunzi mwenye bidii huhesabiwa kama asiyeweza kuchuma. Nakiri, jioni ile nilitamani kuwa Mhanbali.

Kwa dada yangu mambo yalikuwa tofauti. Wahanafi na Wamaliki wanasema nafaqa ya binti asiye na mali haikatiki kwa kubaleghe, inaendelea mpaka aolewe. Na Sheria ya Watoto ya Uganda inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na mama anaweza kuomba amri ya matunzo mahakamani kabla umri huo haujafika. Kwa hiyo neno "amebaleghe" halikumwondolea Baba mzigo wa binti wa miaka 16 hapa nchini.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili, na ndugu msomaji lishike kama mama yako yuko katika hali hiyo. Katika madhehebu yetu, nafaqa ya mtoto ikipita siku yake haigeuki deni, isipokuwa kadhi aliihukumu au aliruhusu ikopwe. (Ya mke hugeuka deni.) Mama alikuwa amekaa kimya miaka mitatu kwa kuogopa aibu, akidhani hesabu inajikusanya. Haikuwa inajikusanya. Anayedai na adai mapema, mbele ya mtu mwenye mamlaka, na iandikwe.

Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu pale kambini. Akamwita Baba, akaja kwa taksi siku ya Ijumaa. Sheikh hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mzee, huyu binti ukimkatia leo, unataka ale kwa nani?" Baba akainama. Wakaandikiana, mbele ya mashahidi wawili, kwamba karo na sare za dada ni juu yake hadi amalize sekondari.

Mimi sikudai. Wakati wa kuondoka Baba alinitilia shilingi elfu hamsini mfukoni, na nilizipokea nikijua ni hiari yake.

Anashona nguo Mbarara, macho yameanza kumsumbua. Ile nusu ya pili ya maneno ya Nawawi sijamwambia bado.