KAR na vita vya China na Japani

Swali: Babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) walipigana na Wajapani huko Burma. Je, hilo liliisaidia China kwa lolote? – Msomaji, Burnt Forest, Eldoret

Jibu: Liliisaidia, ila kwa kuzunguka. Vita vilipolipuka Julai 1937, Japani ilishinda karibu kila iliposhambulia: Shanghai ilianguka Novemba, Nanjing Desemba, Wuhan Oktoba 1938. Lakini kiongozi wa China, Chiang Kai-shek, alirudi nyuma hadi Chongqing, nyuma ya milima, na Japani ikakwama katika nchi iliyokuwa kubwa mno kuimeza. Ndipo shabaha ikawa kumnyima adui silaha. Bandari kuu zilikwisha kutekwa. Burma nayo ilipotekwa mwaka 1942, barabara ya malori kutoka Lashio hadi Kunming ilikatika, na mizigo ikabaki kurushwa kwa ndege juu ya milima.

Utasema waliofungua tena njia hiyo Januari 1945 ni Wachina na Wamarekani, kaskazini mwa Burma. Ni kweli, na KAR haikufika huko. Lakini Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR, iliteremka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za 1944, kwenye matope na malaria, ikaiteka Kalewa Desemba. Hapo majeshi ya Uingereza yalijenga daraja juu ya mto Chindwin na kusonga mbele katikati ya Burma. Machi 1945 Japani ililazimika kutoa askari kaskazini ili kuupigania mji wa Meiktila, huko katikati. Askari hao wasingeweza tena kuitishia barabara ya China.