Mfuko "rafiki wa mazingira": niamini maandishi?

SWALI: Nina genge la mboga hapa Kaloleni, Arusha. Muuzaji wa jumla ananiletea mifuko mbadala iliyoandikwa "rafiki wa mazingira", bei juu kuliko mingine. Je, nimwamini?

JIBU: Dada yangu, usiamini maandishi peke yake. Muulize mfuko umetengenezwa kwa kitu gani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, sokoni imejaa ile laini inayofanana na kitambaa, na wengi hudhani ni nguo. Siyo. Ni polipropilini, yaani plastiki iliyoyeyushwa, ikavutwa nyuzi, ikagandishwa kwa joto. Ukiunguza kipande kidogo nje, utaona: pamba huwa majivu, hiyo huyeyuka na kuacha tone gumu. Ikitupwa mtaroni hukatikakatika bila kuoza, na mvua za masika huisomba hadi mtoni.

Faida yake ni kutumika tena na tena. Ndiyo maana kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kinadai uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba. Ule mwembamba unaopasuka kabla mteja hajafika nyumbani haustahili sifa hiyo, hata ukiwa wa kijani.

Akikwambia "unaoza", kuwa makini zaidi. Zipo plastiki zilizotiwa kemikali ili zivunjike upesi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2021, kwa sababu huishia kuwa chembechembe za plastiki.

Mimi ningenunua michache yenye uzito kamili, na mteja anayekuja na kikapu chake ningempa nyongeza ya mchicha.