Jicho la Kamera na Sauti ya Mwenyeji: Taswira ya Watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya katika Filamu Nne

Utangulizi

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho la kamera, hata hivyo, lina pazia, na mwenye kulivuta ni mwongozaji wa filamu. Yeye ndiye anayeamua kamera isimame wapi, nani aonekane kwa karibu, nani abaki kivuli, na nani apewe maneno ya kusema. Uamuzi huo huwa na uzito zaidi filamu inapohusu mahali ambapo watazamaji wengi hawajawahi kufika, kwa kuwa picha hugeuka kuwa safari yao ya pekee.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ni mahali pa aina hiyo. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya mpakani iliyofungwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru likawekwa chini ya sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Msemo wa "kwenda Kenya", unaotumiwa na baadhi ya wenyeji wanapofunga safari ya Nairobi, umezaliwa na historia hiyo.

Makala haya yanahakiki filamu nne zinazohusu eneo hilo au watu wenye uhusiano nalo. Maswali yanayoongoza uhakiki ni mawili: kamera imesimama wapi? Na mwenyeji anapewa nafasi gani ya kusema? Dai la makala ni kwamba kadiri kamera inavyoshuka hadi usawa wa macho ya mwenyeji, ndivyo mwenyeji huyo anavyoacha kuwa kitu cha kutazamwa na kuwa mtu wa kusikilizwa.

Kamera iliyo angani

Eye in the Sky (2015), iliyoongozwa na Gavin Hood, inatuleta Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao kwa wasafiri wengi wa Garissa na Mandera ndio mlango wa mji mkuu. Maofisa wa Uingereza na Marekani wanaitazama nyumba ya magaidi kwa kutumia ndege isiyo na rubani. Kando ya nyumba hiyo msichana mdogo, Alia, anauza mkate. Swali la filamu ni zito: je, kombora lirushwe ilhali mtoto yupo? Mwongozaji analishughulikia kwa uaminifu. Tunaona jinsi kanali anavyomshinikiza mtaalamu wake aishushe hesabu ya uwezekano wa kifo cha Alia hadi chini ya asilimia 50, ili dhamiri za wakubwa zitulie.

Hata hivyo, filamu ina kasoro mbili. Kwanza, mandhari yake si ya kweli. Ilipigwa Afrika Kusini, na Eastleigh yake ni mtaa unaotawaliwa na wanamgambo wenye bunduki barabarani, wakati Eastleigh halisi inajulikana kwa maduka na biashara. Pili, mjadala wote kuhusu maisha ya Alia unafanyika kwa Kiingereza, katika vyumba vilivyo mbali naye. Alia anaonewa huruma, lakini haulizwi neno. Mhusika Jama Farah, aliyeigizwa na Barkhad Abdi, ndiye pekee katika operesheni hiyo anayejaribu kumwokoa kwa njia ya kibinadamu: anataka kuununua mkate wote ili mtoto aende nyumbani. Katika tendo hilo dogo filamu inashuka ardhini kwa muda mfupi.

Human Flow (2017) ya msanii Ai Weiwei ilipigwa katika nchi 23, na Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, ni mojawapo ya vituo vyake. Nia yake ni njema, nayo inafaulu kuonyesha ukubwa wa tatizo la wakimbizi duniani. Lakini kambi zilizoanzishwa mwaka 1991, ambazo mwaka 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000, haziwezi kueleweka kwa kupitiwa tu. Anayetazama kutoka juu huona safu za mahema. Haoni kwamba ndani yake wamo watu waliozaliwa hapo, wakasoma hapo na kuoa hapo.

Kamera iliyoketi mbele ya manusura

Scarred: The Anatomy of a Massacre (2015) ya Mkenya Judy Kibinge inachukua njia nyingine. Inahusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambapo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege karibu na mji wa Wajir. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57, ilhali manusura walizungumzia maelfu. Hapa kamera haina haraka. Inaketi na kumwacha mzee aseme.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, filamu hii ni hazina. Masimulizi yake yanakaribiana na kile tukiitacho mapisi: historia inayohifadhiwa katika kumbukumbu za watu na kukabidhiwa kizazi kingine kwa mdomo. Jina lake linadokeza makovu, nalo linafaa. Kidonda kilichofunga bado huacha alama, na mwenye alama ndiye mwenye haki ya kueleza aliipataje.

Kamera iliyo ndani ya basi

Watu Wote: All of Us (2017) ni filamu fupi ya dakika 22. Iliongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwaka 2018. Msingi wake ni tukio la tarehe 21 Desemba 2015, wakati basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea wenzake, na akafariki Januari 2016.

Abiria hao walijua maana ya kutenganishwa. Novemba 2014 watu 28 walishushwa kutoka basi lililotoka Mandera na kuuawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na huko pia washambuliaji walitenga watu kwa dini. Aliyekataa kutengwa ndani ya basi alikataa akijua bei yake.

Mhusika mkuu, Jua, ni Mkristo ambaye familia yake iliuawa na magaidi. Anaingia ndani ya basi akiwa na chuki inayoeleweka, na mtazamaji anaketi naye kitini. Lugha ni Kiswahili na Kisomali. Kisomali kinamfungia Jua nje ya mazungumzo ya abiria, na Kiswahili kinampa yeye na Salah uwanja wa kukutania. Wanawake wanapomvika hijabu ili asitambuliwe, hakuna hotuba inayohitajika. Hapo ndipo filamu inafikia kilele chake.

Udhaifu wake unatokana na ufupi. Chuki ya miaka inayeyuka katika safari moja, na Salah anakuwa mwema mno hata anakaribia kuwa kielelezo badala ya mtu. Wanawake wale, ambao ujasiri wao si mdogo kuliko wake, wangestahili nafasi zaidi.

Jina la filamu kama somo la sarufi

Kivumishi cha pekee -ote hakikubali mtu abaki nje, lakini hubadilika kulingana na nafsi: sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Jina la Kiswahili, Watu Wote, liko katika nafsi ya tatu. Linawataja watu kana kwamba msemaji amesimama kando yao. Sehemu ya Kiingereza ya jina hilo ina maana ya "sisi sote", na msemaji yumo ndani. Majina hayo mawili, basi, si tafsiri sahihi ya kila mmoja.

Pengo hilo ndilo safari ya Jua. Anapanda basi akiwaona abiria kama "wao". Washambuliaji nao wanataka sarufi ya vionyeshi: hawa huku, wale kule. Jibu la abiria liliikataa sarufi hiyo, na Jua akahesabiwa ndani ya "sisi" kabla yeye mwenyewe hajajifunza kulitamka neno hilo.

Hitimisho

Filamu hizi zinaonyesha kwamba ubora hautokani na wingi wa fedha wala umaarufu wa waigizaji. Uraia wa mwongozaji pia hautoshi kuwa kipimo, kwa kuwa Benrath ni mgeni na bado aliingia ndani ya basi. Hata hivyo, kuingia kwa mgeni hakuwezi kuchukua nafasi ya mwenyeji kushika kamera mwenyewe. Shirika la FilmAid limewafunza vijana wa Dadaab kazi hiyo, na hatua hiyo inastahili kuigwa katika vyuo. Wahakiki wa Kiswahili nao wana wajibu wa kuziingiza filamu hizi katika mihadhara yao, kwa kuwa lugha iliyotumika ndani ya basi la Mandera ni lugha yao, na waliouawa Garissa walikuwa wanafunzi kama wao.